Buibui wa Nyanchoka

Jumapili, 2 Machi 2025

Katika chumba changu cha kulala, nyuma ya pazia alilolishona marehemu mke wangu, nimeficha buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja changu kikiwa wazi. Ni jike. Nimemfuga miaka minne na hakuna mtu wa nyumba hii anayejua. Wafugaji wa nchi za mbali huwaita tarantula, huwapa majina na kuwapiga picha. Hapa kwetu Ekerenyo mtu akikutwa na kiumbe kama huyu nyumbani kwake haulizwi jina lake. Anaulizwa amemtuma kwa nani.

Daktari ameniambia moyo umechoka na maji yanapanda mwilini. Nilifundisha biolojia mpaka nikastaafu. Nilichora ubaoni uzazi wa kila kiumbe kilichokuwa kwenye mtaala. Kuzalisha buibui sijawahi. Masika haya nitajaribu, na nitakayoyafanya nitayaandika, nisife nayo kimya.

Milango yangu ina funguo, lakini sizihitaji. Mwanangu Ongeri anafanya kazi Nakuru. Anayenitunza ni mkewe, Nyakerario, ambaye nyumba yao iko ng'ambo ya uwanja. Kwa desturi yetu ya chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya wakwe, mke wa mwanangu haingii chumba ninacholala, nami sivuki kizingiti chake. Huweka chakula sebuleni, hukohoa, huondoka. Ninaweza kukata roho humu ndani naye akabaki mlangoni akiita. Desturi hiyo imenitunzia siri kuliko kufuli.

Leo dume amefika. Abdirizak, aliyekuwa mwanafunzi wangu, sasa ana duka la vyombo Kisii mjini, na ndugu zake husafirisha mizigo kutoka nyanda kavu. Amemleta ndani ya mkebe wa kakao uliotobolewa matundu.

"Mwalimu wangu, bwana harusi huyu hapa. Mahari nimelipa mimi."

"Amekula?"

"Amekula bila kunishukuru. Lakini sikiliza, akikuuma usitaje jina langu."

"Haui mtu mzima. Utalia tu."

"Mimi ndiyo sitaki kulia," amesema, akapanda gari lake akicheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wametoka kwa wingi, nami nimekusanya bakuli zima nikisingizia kwamba nitawakaanga. Jike amekula mpaka tumbo limekuwa kama parachichi changa. Lazima ashibe. Jike mwenye njaa hamwoni mume, anaona chakula.

Sabato, 8 Machi

Nimepelekwa kanisani kwa pikipiki, nikakaa nyuma karibu na mlango. Mahubiri marefu. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Nyanchoka ameniletea ndizi mbivu. Ni mjane wa binamu yangu Osoro. Shamba lake limepakana na langu, na katikati kuna ua wa majani ambao hata kuku wanauruka. Hakujaliwa mtoto. Anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni.

"Shemeji, bado uko? Mimi nimeshachagua nguo ya mazishi yako."

"Nguo gani?"

"Ile ya kijani. Lakini ukizidi kuchelewa panya wataimaliza."

Hakuna mtu mwingine anayenitania siku hizi. Wengine wote wananiongelesha polepole kana kwamba nimekwisha lala kwenye jeneza.

Amesema kwamba Ogoti, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe, anataka kukata mikaratusi ya shambani kwake. Amemkatalia. "Leo anataka miti, kesho atataka udongo. Nimemwambia angoje nife kwanza."

Jumatano, 12 Machi

Nimewakutanisha.

Niliweka mkebe wa dume ndani ya kasha la kioo la jike, nikashika brashi ndefu ya kupakia rangi, tayari kuwatenganisha. Dume alitoka polepole, akagusa ukingo wa utando wa jike, akasimama. Kisha akapiga ngoma: vile vipapasio vyake vya mbele vikagonga udongo haraka haraka, vikanyamaza. Kimya. Akagonga tena. Ndipo jike akajibu kutoka shimoni kwake, kwa miguu yote, mpaka chembe za udongo zikaruka.

Alitoka chonge zikiwa wazi. Dume akaingia chini yake na kuzidaka zile chonge kwa ndoano alizo nazo kwenye miguu ya mbele, ndogo kama mwiba wa waridi, akamwinua kama mtu anayezuia mlango usimfungie vidole. Vipapasio vikafanya kazi yake. Kisha akaachia, akakimbia, jike nyuma yake, nami nikaingiza brashi katikati yao. Dume akatumbukia mkebeni. Nikafunika.

Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu. Nyakerario akaita kutoka sebuleni, "Baba, kuna mgeni?"

Nikasema ni redio.

Ijumaa, 14 Machi

Dume ametoroka. Kifuniko cha mkebe kilikuwa kimelegea. Nimetafuta chini ya kitanda mpaka pumzi ikaniishia. Hayupo.

Sabato, 22 Machi

Mvua. Miguu imevimba. Sikwenda kanisani.

Jumatano, 2 Aprili

Jike ameacha kula na amefunga mdomo wa shimo lake kwa utando mzito. Dalili njema. Tatizo ni baridi. Milima hii haikuumbiwa kiumbe wa nyanda kavu. Naomba maji moto asubuhi na jioni, nayatia kwenye chupa, nazifunga blanketi na kuzipanga kando ya kasha.

"Baba, unaoga mara mbili na mvua hii?" ameuliza Nyakerario.

"Ni mifupa. Inauma."

"Mifupa gani haishibi moto," amenung'unika akielekea jikoni, akidhani sijasikia.

Ni mtu wa kanisa na simu. Sidhani kama huwa analifikiria jambo mara ya pili.

Jumatatu, 14 Aprili

Mfuko wa mayai! Upo shimoni, mweupe, mkubwa kuliko yai la njiwa. Ameukumbatia kwa miguu yote. Nilikuwa na kurunzi, nikaona anaugeuza taratibu, upande mmoja kisha mwingine, kama mama anayeota moto na mtoto mgongoni. Sasa ni kuwa na subira. Akitishwa ataula. Nimekaa kimya hata kikohozi nimekimeza.

Alhamisi, 17 Aprili

Ogoti ameumwa.

Kelele zilianza baada ya chai ya saa nne. Nilitoka na mkongojo mpaka kwenye ua. Ogoti alikuwa amelala chali katika uwanja wa Nyanchoka ameshika mkono wa kulia, analia kama ng'ombe. Alikuwa amekuja tena kwa ajili ya mikaratusi. Nyanchoka alipomkatalia alisema basi atachukua hata kuni zilizokwisha pasuliwa, akaingiza mkono kwenye rundo lililopangwa kando ya ukuta wa jikoni.

Kijana mmoja alikuwa amemponda buibui kwa panga. Alimwinua kwa kijiti. Hata kutoka upande wangu wa ua nilimjua.

"Si wa hapa huyu!" kijana akapiga kelele. "Nani amewahi kuona kitu kama hiki Nyamira nzima?"

"Ulimweka alinde kuni zako," Ogoti alimwambia Nyanchoka kwa meno yaliyofungana. "Nilikuwa nasikia. Leo nimeamini."

Nyanchoka alikuwa amesimama na sufuria mkononi. "Mimi niweke nini? Nilikwambia usiguse, kwa sababu ni kuni zangu."

"Mmesikia? Alinionya!"

Wakampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali. Mabaki ya buibui wakayatia kwenye mfuko wa plastiki wakaenda nayo.

Yapo mambo ambayo ningeweza kuyasema palepale. Kwamba ni sumu inayokaza misuli na kuchoma, na kwamba itapita yenyewe. Kwamba apewe dawa ya maumivu na asifungwe kamba mkononi. Kwamba ni dume, na jike wake yuko kwangu. Nilifungua mdomo. Nikamwona kijana yule anafuta panga kwenye nyasi. Nikaufunga.

Katika vilima hivi tumewazika watu walioitwa wachawi, na majeneza hayakufunguliwa wenyeji wawaage. Sote tunajua kwa nini: moto hauachi uso.

Sabato, 19 Aprili

Ogoti bado hospitalini. Madaktari hawajui ni buibui wa aina gani. Mkono unakakamaa unaachia. Kanisani wamemwombea. Nyanchoka alikaa peke yake kwenye benchi la watu sita.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia wanavyomsema. Nyakerario alikuwa anamimina uji.

"Baba, wanasema mama Nyanchoka ni omorogi."

"Mchawi? Nani anasema?"

"Kila mtu pale kwenye kituo cha majani chai. Wanasema ndiyo sababu hakuzaa, alitoa tumbo lake ili apewe kitu. Na macho yale mekundu. Ati hao buibui wako wengi ndani, anawalisha damu ya kuku."

"Na wewe unasemaje?"

Ameacha kumimina. "Mimi namjua. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenikanda. Lakini Baba, buibui yule alitoka wapi?"

Nimesema uji una moto sana.

Ogoti ametoka hospitali. Mkono umefungwa bendeji, na mdomo uko wazi.

Jumapili, 27 Aprili

Mfuko uko salama. Bado wiki mbili tatu, nadhani. Watakapotoka nitasema yote. Nimejiwekea hivyo: wakishatoka.

Jumanne, 29 Aprili

Wamekata migomba yake. Yote, mchana kweupe, watu wakipita barabarani na magunia ya majani chai migongoni. Walipomaliza waling'oa mabati mawili ya jikoni. Mmoja alipiga kelele kwamba wakirudi watarudi na petroli.

Nilimwona Nyakerario akivuka uwanja, khanga kiunoni, hakuniuliza chochote. Aliruka ua kama msichana. Alirudi amemshika Nyanchoka mkono, na kwenye bega amebeba godoro. Akamtandikia sebuleni kwangu.

"Baba, nyumba yangu ina watoto wadogo," alisema. "Wakija na petroli... Hapa kwako wataogopa. Wewe ni Mwalimu."

Nilijibu kwamba amefanya vyema. Ningeweza kujibu nini?

Ijumaa, 2 Mei

Nyanchoka analala upande ule wa ukuta. Upande huu kuna kasha. Kitanda changu kiko katikati ya hao wawili. Namsikia akiomba kwa Ekegusii, anataja kila mtu kwa jina, hata Ogoti. Namsikia jike akiparura kioo. Kama ninasikia mimi, na masikio yangu haya, yeye je?

Asubuhi ameniambia, "Shemeji, nyumba yako ina panya."

"Wapo."

"Niletee mtego nikuulie. Nimekula bure siku hizi."

Jumatatu, 5 Mei

Makori, naibu wa chifu, amepita. Ameitisha baraza Jumapili, uwanjani kwa Nyanchoka. "Wazee waseme, vijana wapoe," ameniambia. "Kama ana kitu atoe, aape, yaishe."

"Na kama hana?"

"Mwalimu, kitu kimeonekana. Kimeuma mtu. Nitawaambia nini?"

Alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho kinaelekea mlango wa chumba changu.

Jumatano, 7 Mei

Naandika kwa shida. Jana nilianguka.

Nilikuwa nimeinama kubadilisha chupa za maji moto. Kifua kikabana, nikaona giza, nikashuka na pazia mkononi. Nilisikia sauti ya Nyanchoka: "Mwalimu! Mwalimu!" kisha ya Nyakerario mlangoni, akikohoa kama ilivyo desturi, akiita, "Baba? Baba, niruhusu." Sikuweza kujibu. Nilimsikia Nyanchoka akimwambia, "Mimi sina nguvu za kumwinua. Ingia." Na Nyakerario: "Siwezi, mama. Ni chumba chake." Muda ulipita. Sijui kiasi gani. Nilifikiri: basi, ndivyo nitakavyokufa, kwa heshima.

Kisha mlango ukafunguka.

Aliingia ameinamisha uso asione kitanda. Kwa hiyo hakuona kitanda. Aliona kasha, kwa kuwa pazia lilikuwa mkononi mwangu. Jike alikuwa ametoka kwenye mdomo wa shimo, amenyanyua miguu ya mbele, chonge nje, na nyuma yake mfuko mweupe.

Nyakerario hakupiga kelele. Hilo nitalikumbuka siku zilizobaki. Alisimama, mkono mdomoni. Alitazama kasha, akanitazama mimi, akatazama ukuta ambao nyuma yake Nyanchoka alikuwa akiita, "Yuko hai? Niambie, yuko hai?"

"Yuko hai, mama," alijibu. Akachukua pazia mkononi mwangu, akafunika kasha, ndipo akaninyanyua, akanipa vidonge vyangu, akanilaza. Alipofika mlangoni akageuka.

"Yule wa kwenye kuni ni wako."

Sikukana.

"Umekaa na mama huyu siku zote hizi. Amekufulia shuka, Baba."

"Nakuomba. Wamebakiza muda mfupi watoke kwenye mayai. Wakishatoka nitasema."

"Watoke?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wewe unangoja hao watoke?"

Nilianza kumweleza kuhusu mfuko, joto, muda wa kuanguliwa. Nilisikia sauti yangu ya darasani. Aliniacha niendelee mpaka nikakoma mwenyewe.

"Mimi sitasema," akasema. "Mke wa mwanao hawezi kusimama barazani akasema alichokiona chumbani kwa baba mkwe. Wataniuliza nilikuwa natafuta nini humo. Unajua hivyo. Kwa hiyo utasema wewe. Jumapili. Ukikaa kimya, nitamchukua mama Nyanchoka na watoto wangu twende Nakuru kwa Ongeri, na huyo mnyama wako atakupikia uji."

Miaka yote nimemwona mwanamke huyu kama mtu wa kuleta sinia.

Ijumaa, 9 Mei

Siku hizi hakohoi mlangoni. Anaweka chakula na kuondoka.

Sabato, 10 Mei

Mvua ya mawe. Nimesoma Zaburi, haikuingia.

Jumapili, 11 Mei

Nyakerario alinishika mkono mmoja, mkongojo mwingine, tukazunguka ua. Manyunyu. Watu walijaa mpaka kwenye visiki vya migomba. Wanawake wamejifunika magunia ya plastiki. Vijana wamesimama nyuma karibu na jiko lililong'olewa mabati, na mmoja wao alikuwa na kibuyu cha plastiki ambacho hakikuwa cha maji. Nyanchoka alikalishwa kwenye kigoda katikati, kichwa wazi, mvua ikimdondokea.

Ogoti alieleza. Akafungua bendeji. Makori akamuuliza Nyanchoka, akimwita kwa heshima ya mama mzee, "Mong'ina, kitu hiki kilikuwa chako?"

"Sikijui. Namwambia Nyasae, Mungu wetu, mbele yenu, sikijui."

"Kilikuwa kwenye kuni zako."

"Hata nyoka huingia kwenye kuni. Mlishawahi kumpiga mtu kwa ajili ya nyoka?"

"Nyoka tunamjua!" mmoja akapaza sauti. "Huyo hatumjui!"

Wakacheka kile kicheko ambacho si kicheko. Wa kibuyu akasogea. Nyakerario aliuminya mkono wangu mpaka mfupa ukauma.

"Leteni buibui," nikasema.

Makori akanyamazisha watu. Mfuko wa plastiki ukaletwa. Buibui alikuwa amekauka, nusu ni ukungu, lakini miguu ya mbele ilikuwepo. Nikaomba kijiti.

"Sogea, Ogoti, wewe uliyeumwa. Unaona hii? Ndoano. Jike hana. Huyu ni dume, na jike wake yuko chumbani kwangu, ndani ya kioo. Nimemfuga miaka minne. Mama huyu hakuwahi kumwona. Ni wangu."

Nilingoja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mikono yao, kwa petroli. Nilimwona yule mwenye kibuyu amekitua chini, ameduwaa.

Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, safari hii kicheko cha kweli. "Mwalimu! Bado unafundisha?"

"Alitufundisha chura kumpasua," mwingine akasema. "Mnakumbuka? Mama yangu alikataa nimguse wiki nzima."

"Kumbe ni utafiti!"

"Utafiti umenichoma mkono," alisema Ogoti, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Ndivyo ilivyokwisha. Makori alifuta uso kwa leso na kuuliza swali moja tu: "Na alifikaje huku, Mwalimu?"

"Alitoroka."

"Haya. Mmesikia. Alitoroka."

Sikuwa hatarini wakati wowote. Hilo ndilo nililolijua nikiwa nimesimama pale mvuani. Maneno yaleyale yangetoka mdomoni mwa Nyanchoka, wasingemwacha amalize sentensi. Mimi nilikuwa na suruali iliyopigwa pasi na miaka ya ubao nyuma yangu. Ningeweza kusema tangu siku ya kwanza, wakacheka siku ya kwanza, na migomba ingekuwa imesimama.

Jumatatu, 12 Mei

Vijana walikuja kumwona jike. Walijaa chumbani, hawakuvua viatu. Mmoja alifurahi, mmoja alipiga picha, mmoja alinyunyiza dawa ya mende kupitia matundu ya kifuniko kabla sijainuka. Jike alijikunja juu ya mfuko wake, hakujikunjua tena.

Walipoondoka niliupasua mfuko kwa wembe. Walikuwa wengi, weupe kama mchele, na miguu ilikuwa imeanza kujitenga na miili. Niliwatandaza kwenye sahani. Hakuna aliyesogea. Nililia, mzee mzima, kamasi zikitoka.

Nyakerario alisimama mlangoni.

"Unawalilia hao."

"Ndiyo."

"Migomba ya mama hukuililia."

Akachukua sahani, akaenda kuwazika nyuma ya choo.

Jumapili, 18 Mei

Nyanchoka amerudi kwake. Vijana walewale wamerudisha mabati, kwa amri ya Makori. Ogoti ametuma neno kwamba hataki miti tena mwaka huu. Mwaka huu, alisema.

Jumatano, 21 Mei

Maji yamepanda mpaka magotini. Nyanchoka anakuja kila asubuhi kunikanda miguu.

"Shemeji, ungeniambia tu," amesema. "Ningekuchungia huyo mke wako wa miguu minane."

"Ungeogopa."

"Ningeogopa, ningemchunga. Mbona wewe nakuchunga?"

Sabato, 31 Mei

Sikuweza kwenda. Nyakerario amenisimulia. Nyanchoka alisimama wakati wa shuhuda, amevaa nguo ya kijani. Alisema Mungu alimtuma Mwalimu Nehemiah, mgonjwa, katikati ya mvua, aje amtoe kwenye moto. Alisema maisha yake yaliyobaki ni deni kwangu. Watu walisema amina. Wengine walilia.

"Umemwambia yote?" Nyakerario ameniuliza.

"Yote."

Alinitazama kwa muda. Sasa najua kwamba huwa analifikiria jambo mara ya pili. Na ya tatu.

Jumapili, 1 Juni

Nyanchoka alikuja baada ya mvua kukatika. Akaketi kwenye kigoda, akaweka miguu yangu mapajani pake, akamimina mafuta kiganjani. Nikamwomba asiniguse kwanza. Nilimwambia maneno haya, na ninayaandika kama nilivyomwambia:

"Hakutoroka. Dume akishapanda jike huwa hana siku nyingi, nami sikuwa na moyo wa kumuua. Ijumaa ile nilimbeba kwenye mkebe, wewe ukiwa umekwenda sokoni, nikavuka ua, nikamfungulia kwenye kuni zako. Mimi pia nina kuni, shemeji. Ziko nyuma ya jikoni, ni kavu kama zako. Nilichagua zako kwa sababu Sabato iliyotangulia, kanisani, wanaume wawili walikaa mbele yangu wakikuita mchawi, nami nikajua kwamba buibui akionekana kwako hakuna atakayeuliza alikotoka."